Je, Ni Suluhu au Ni Mauzo?



Jumapili moja, miezi michache iliyopita, Padre alipomaliza kusoma matangazo ya ndoa na zamu za usafi wa kanisa, alitaja pia namba ya simu 116. Akaeleza kwamba mtu yeyote aweza kuipiga bila malipo akiwa na habari za mtoto anayedhulumiwa. Watu wakatikisa vichwa kukubali, tukaimba wimbo wa mwisho, tukatoka. Nje, chini ya mwembe, mama mmoja alinivuta kando. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu," nami nikamwitikia. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, wazee wakishakaa wakayamaliza, na yule mtu akatoa chochote, na wazazi wakapokea, bado yafaa mtu apige simu? Si itakuwa kufukua kaburi?"

Nilimwambia kwamba swali lake ni zito, tutalizungumza siku nyingine. Hilo halikuwa jibu. Ndiyo njia ya mwalimu kumkwepa mwanafunzi aliyeuliza jambo ambalo mwalimu hataki kulieleza. Nimefundisha shule za msingi miaka thelathini na sita, na ujanja huo naujua. Basi leo nataka kumjibu mama yule, na kwa kuwa si yeye peke yake mwenye swali hilo, namjibu mbele yenu nyote.

Nitasema waziwazi ila kwa adabu, maana gazeti hili hufika mikononi mwa watoto pia. Wapo watu wanaofanya biashara ya miili ya watoto. Ukilitaja jambo hili hapa Bagamoyo, mara moja utasikia habari za mgeni: mtalii wa hotelini, au dereva wa gari kubwa alalaye usiku mmoja akaenda zake. Wapo hao, sikatai. Pwani yetu kuanzia Kunduchi na Bunju hadi Mbegani, Kaole na mjini kwenyewe imejaa hoteli na nyumba za wageni, na tangu barabara ya Msata ilipotiwa lami magari hupita usiku na mchana. Lakini mwaka 2009 Serikali, pamoja na UNICEF na wataalamu wa chuo kikuu cha Muhimbili na wengineo, ilifanya uchunguzi nchini kote, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa habari za utoto wao. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na kama mvulana 1 katika kila 7, walisema walitendewa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Si wote hao waliouzwa. Uchunguzi ulihesabu maovu ya kila namna. Ila majirani walikuwa miongoni mwa waliotajwa sana. Jirani hana haja ya hoteli.

Nami jambo ninalotaka kulieleza lilitendeka baina ya majirani, na mimi nilikuwamo.

Mwaka 2001 nilikuwa mwalimu katika kijiji kimoja cha pwani, kaskazini ya mji huu. Sitakitaja, kwa sababu wahusika wangali hai. Darasa la sita nilikuwa na msichana wa miaka kumi na mitatu, hodari wa hesabu, ambaye jioni aliuza maandazi dikoni wakati mashua zinaporudi. Huko alikuwapo mnunuzi wa samaki kutoka mjini, mtu wa makamo, mwenye gari la barafu. Kwanza alinunua maandazi yote kila siku ili mtoto arudi nyumbani mapema. Watu wakamsifu. Kisha akawa akimpelekea mama yake unga, sukari, na sikukuu moja doti ya kanga. Baba hakuwapo, alikwenda kufanya kazi za chumvi na hakurudi. Baadaye mtoto akaanza kukosa shule siku ambazo gari la barafu lilikuwapo. Nilimwandika mtoro katika rejista. Naam, nilimwandika yeye mtoro.

Mambo yalipojulikana, kijiji hakikwenda polisi. Kiliitisha kikao. Tulikaa barazani kwa mjomba wa mtoto: wazee wanne, mjumbe wa nyumba kumi, mwalimu wa madrasa, katekista wetu, na mimi. Mnunuzi alikuja na kaka yake, akaketi kwa unyenyekevu kabisa, akaomba radhi. Wakazungumza kwa muda wa saa mbili. Mwishowe akakubali kutoa shilingi 150,000, na kuapa kwamba hatanunua tena samaki katika diko lile. Mshahara wangu wa mwezi haukufika kiasi hicho. Kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, niliombwa niandike muhtasari. Nikaandika kwamba shauri limesuluhishwa, na kwamba pande zote zimeridhika. Tukatia sahihi.

Wakati wa mazungumzo tulinywa kahawa na kashata. Aliyetuletea sinia ya kahawa alikuwa mtoto mwenyewe. Aliiweka chini, akapiga goti kwa heshima, akarudi uani. Hakuna aliyemwuliza neno lolote, wala mimi sikumwuliza.

Sasa nimjibu mama yetu. Swali lake lina sehemu mbili, ya kwanza ya sheria, ya pili ya dhamiri. Ya sheria ni nyepesi zaidi, ingawa wengi wetu hatuijui.

Mwaka 1998, yaani miaka mitatu kabla ya kikao chetu, Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ambayo ilibadili Kanuni ya Adhabu. Humo mna kifungu juu ya watu wanaowatumia watoto kwa zinaa. Kinamtaja mwenye nyumba anayemwacha mtoto akae ndani mwake huku akijua analetwa kwa kusudi hilo. Kinamtaja kuwadi. Kinamtaja mtu mwenye mamlaka juu ya mtoto akitumia mamlaka hayo kumpata. Tena, na hapa nawaomba msome polepole, kinamtaja yeyote atoaye fedha, bidhaa au manufaa mengine kwa mtoto au kwa wazazi wake, akikusudia kumpata mtoto huyo. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 5 wala kuzidi 20. Unga, sukari na kanga ni bidhaa. Sheria ile ilikwisha kuliona gari la barafu kabla halijafika kijijini kwetu. Na anayemwingilia msichana aliye chini ya miaka 18, hata kama msichana amekubali, ahukumiwa kwa kosa la kubaka, na kifungo chake hakipungui miaka 30.

Baada ya hiyo zikaja nyingine. Mwaka 2008 ilitungwa sheria dhidi ya biashara haramu ya kusafirisha binadamu, ambayo yawagusa wale wanaokwenda bara kuchukua wasichana wadogo kwa ahadi ya kazi za ndani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Inakataza kumweka katika kazi yoyote inayomtia katika mambo ya zinaa, iwe kwa malipo au bila malipo. Na inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. (Wenye vioski na baa karibu na stendi wanisikie hapo.) Tena inamwekea kila mwananchi wajibu: mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa sharti azipeleke kwa Serikali ya mtaa au kijiji chake. Haikusema "isipokuwa wazee wakiwa wamekwisha kukaa."

Kwa hiyo kwa upande wa sheria jibu ni fupi. Mashtaka ya namna hii huitwa Jamhuri dhidi ya fulani. Mlalamikaji ni Jamhuri, wala baba, mjomba au kijiji hawawezi kuyauza mashtaka yasiyo yao. Tulipopokea zile shilingi 150,000 tulikuwa kama mtu auzaye shamba la jirani na kumwandikia mnunuzi hati.

Lakini najua mama hakuniuliza habari za mahakama. Aliniuliza kama yafaa. Amelelewa kama mimi, kwamba mpatanishi ni mtu mwema, kwamba heri yamalizike nyumbani kuliko jirani kumpeleka jirani gerezani, na kwamba kusamehe ni amri ya Bwana wetu. Kila Jumapili tunaomba tusamehewe kama tusamehevyo. Je, kikao chetu hakikuwa kusamehe?

Swali hili limenisumbua miaka mingi, na aliyenisaidia ni Yusufu mwana wa Yakobo. Habari zake zi katika Mwanzo sura ya 37, someni tena mkiwa na nafasi. Ndugu zake walimtupa shimoni, kisha wakaketi kula. Ndipo Yuda akatoa shauri kwamba kumwua hakuna faida, afadhali wamwuze kwa wasafiri wanaopita. Nataka mwone kwamba Yuda alidhani anafanya hisani. Alikuwa mpatanishi kati ya ghadhabu ya ndugu zake na uhai wa kijana. Wote wakaridhika, bei ikawa vipande ishirini vya fedha. Yumo pia Reubeni, aliyetaka kumwokoa kwa siri, lakini alikuwa ameondoka. Aliporudi akakuta shimo tupu, akararua nguo zake. Mimi sikuwa hata Reubeni, kwa sababu sikuondoka. Nilikuwapo na kalamu.

Sasa angalieni msamaha wa Yusufu. Ulikuja baada ya miaka mingi, na ulitoka kinywani mwake mwenyewe. Haukutolewa na Yakobo kwa niaba yake, wala na Yuda. Tena, kabla ya kuwafariji ndugu zake, aliwakumbusha kwamba yeye ndiye waliyemwuza. Hakulifunika neno hilo kwa jina jingine. Hapo ndipo nilipotambua kasoro ya ule muhtasari. Walioandikwa kuwa wameridhika ni watu ambao hawakutendewa lolote. Aliyetendewa alikuwa uani akiosha vikombe.

Mtu aweza kunijibu kwamba hata Torati inataja malipo. Ni kweli. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22 mtu aliyemlala msichana asiyeposwa aagizwa kumpa baba yake fedha hamsini na kumwoa. Mila zetu za pwani na za bara zina mambo kama hayo. Sitaki kuzidharau sheria za kale, zilikuwa na nia ya kumzuia mtu mwenye nguvu asiondoke bure. Lakini tazama fedha zinakwenda kwa nani. Zinakwenda kwa baba, kama kwamba aliyepata hasara ni yeye, kama vile mtu aliyevunjiwa mtungi. Bwana wetu alipomwita mtoto akamsimamisha katikati ya wanafunzi, hakuuliza ni wa nani. Alisema juu ya jiwe la kusagia na kilindi cha bahari kwa atakayemkosesha mmoja wa wadogo hao, na hakutaja kiasi cha fedha kinachoweza kulifungua jiwe hilo shingoni.

Suluhu ya kuoza nayo ni yale yale, pengine mbaya zaidi. "Amwoe basi, aibu iishe." Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya wazazi, hata Mahakama Kuu mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ziliposema kwamba jambo hilo lapingana na Katiba. Nimeona ndoa mbili za kuficha aibu. Katika zote mbili aibu haikuisha. Ilihamia nyumba nyingine tu, ikapata mlango na komeo.

Tusidhani haya ni ya watu weusi au ya watu maskini peke yao. Katika mwaka 1885 huko London, katika nchi iliyotuletea Kanisa hili letu, mwandishi wa gazeti aitwaye W. T. Stead alitaka kuwaonyesha wakubwa jambo ambalo hawakutaka kuliamini. Akapanga msichana wa miaka 13 anunuliwe kutoka kwa mama yake. Bei ilikuwa pauni 5. Mama alipohojiwa alisema alidhani mtoto anakwenda kufanya kazi za nyumbani. (Ni mara ngapi tumeyasikia maneno hayo hapa petu, kutoka kwa mama wa Singida au wa Iringa?) Stead mwenyewe alifungwa miezi mitatu kwa sababu baba wa mtoto hakuulizwa, nami naona alistahili, maana hata mtoto hakuulizwa. Lakini kelele aliyoipiga ilifanya Bunge lao kupandisha umri wa msichana kulindwa na sheria kutoka miaka 13 hadi 16. Pamoja naye alikuwapo Josephine Butler, mke wa padre wa Kianglikana, ambaye kwa miaka mingi alipigana na sheria za nchi yake zilizowakamata na kuwapima kwa nguvu wanawake waliodhaniwa kuwa makahaba, huku zikiwaacha wanaume waliowanunua waende zao. Watu wa heshima walimzomea. Siku hizi Kanisa la Uingereza humkumbuka katika kalenda yake.

Namtaja kwa sababu nasi tuna tabia hiyo hiyo ya kumtazama aliyeuzwa na kumsahau mnunuzi. Mimi nilimwandika mtoto mtoro. Mtaani tunasema, "Kale katoto kamekuwa kakubwa siku hizi." Twamvika mtoto wa mwenzetu umri asio nao ili tusimwonee huruma.

Lakini kuna upande wa pili, nami sitautendea haki nikiupita. Siku ile baada ya kikao nilimwambia mama wa mtoto, kwa upole, kwamba labda tungalipaswa kwenda polisi. Alinitazama akasema, "Mwalimu, wewe una mshahara." Sikuwa na neno la kumjibu, wala leo sina la kutosha. Nauli ya kwenda mjini kila shauri linapoahirishwa. Mtoto kueleza mambo yale yale kituoni, kisha hospitali na fomu ya PF3, kisha mbele ya hakimu. Shahidi aliyeahidi kuja asiyekuja. Ndugu wa mshtakiwa wanaokaa kizingitini usiku. Na mwishoni, ikiwa mtu ameshinda, hana unga.

Tena nitasema jambo ambalo huenda wengine hawatalipenda. Ile miaka thelathini yenyewe huwafunga watu midomo. Jirani huwaza, "Nikisema, mtu huyu hatatoka ila akiwa mzee, na watoto wake watalala njaa kwa ajili yangu." Basi hunyamaza. Sisemi adhabu ipunguzwe. Mimi si mwanasheria. Nasema tu kwamba adhabu kali isiyo na shahidi haimlindi mtoto yeyote.

Ndiyo maana katika juhudi za Serikali, zinazonipa moyo zaidi si zile za gereza. Sheria ya Ushahidi yamruhusu mtoto mdogo kutoa ushahidi bila kiapo, kwa kuahidi tu kusema ukweli, na mahakama ikimwamini yaweza kumtia mtu hatiani kwa neno lake pekee. Kumbukeni kikao chetu, mkaone tofauti: hakimu anamwuliza mtoto, sisi tulimpokea kahawa. Katika vituo vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Katika baadhi ya hospitali kuna vituo vya Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na afisa wa ustawi wa jamii wako mahali pamoja, ili mtoto asitembezwe mlango hadi mlango na aibu yake. Tangu mwaka 2016 ada ya shule ilifutwa hadi kidato cha nne, na mwaka 2021 Serikali iliruhusu msichana aliyejifungua arudi darasani. Kaya maskini hupata ruzuku ya TASAF. Wengine hawataziita hizi juhudi za kuzuia biashara hii. Mimi naziita hivyo, kwa sababu mnunuzi yule alianza na unga.

Hata Serikali yenyewe ilichelewa kutambua ubaya wa bei. Ile sheria ya mwaka 2008 dhidi ya biashara ya binadamu ilimpa hakimu nafasi ya kutoza faini badala ya kifungo. Yaani mfanyabiashara wa watu aliweza kulipa akaondoka, kama katika baraza la mjomba, ila hapa fedha ziliingia hazina. Nafasi hiyo ilifutwa na Bunge mwaka 2022. Miaka kumi na minne ilipita. Sisemi hivyo kwa kubeza, maana mimi nimekawia zaidi.

Kisha upo mpango wa taifa uitwao MTAKUWWA, wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18 na kufuatiwa na wa pili uliozinduliwa mwaka 2024. Kwa mpango huo kila kijiji na mtaa wapaswa kuwa na Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto. Katika mtaa wetu mimi ni mjumbe, nami nawaambieni ukweli: mashauri mengi hayafiki kwetu yakiwa mabichi. Yanafika yakiwa yamekwisha kupikwa na kuliwa, na tunachokabidhiwa ni sufuria tupu. Mara mbili tumeletewa muhtasari wa kikao, umeandikwa vizuri, una sahihi, pande zote zimeridhika. Mjumbe mwenzangu alishangaa kuona ninavyousoma karatasi ile bila kusema kitu.

Basi, mama yangu, jibu langu ni hili. Ndiyo, piga simu. Piga hata kama wazee wamekaa, na hata kama fedha zimepokelewa na kutumika. Anayepiga simu si hakimu, hapeleki mtu gerezani. Anawaambia wenye kazi ya kuchunguza kwamba hapa pana jambo la kuchunguza. Kama ni fitina itajulikana. Kama hutaki simu, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, au kwa afisa ustawi wa jamii, au njoo kwangu tufuatane. Piga pia ikiwa mtuhumiwa ni mtu wetu, mzee wa kanisa, mwalimu wa watoto wa Jumapili, au mimi. Kuhusu kufukua kaburi: aliyezikwa humo yu hai.

Na kama ni kweli kwamba mama wa mtoto hana unga, basi hilo ni letu sote. Kina mama wa Umoja wamekuwa wakichanga mchele kwa ajili ya wagonjwa. Nimemwomba Padre tuzungumze juu ya fungu la nauli, ili mama anayekwenda mahakamani asiende peke yake, wala asirudi kwa miguu. Ni fungu dogo. Shilingi elfu chache zilizomshinda mama mmoja mwaka 2001 zisingalitushinda sisi tuliokuwa tukinywa kahawa pale.

Mwaka juzi nilikwenda kuzika katika kijiji kile. Baada ya mazishi nilipita njia ya dikoni, na mwanamke mmoja akaniita kutoka barazani kwake. Ni yeye. Ana genge la nyanya na dagaa, na binti yake yuko sekondari. Nyumba ni ile ile ya mama yake, yenye mabati ambayo kila mtu kijijini ajua yalinunuliwa kwa fedha zipi. Yameshika kutu sasa. Akaniamkia, akanipa kiti. Tulizungumza habari za marehemu, na za bei ya dagaa. Kisha akauliza, kama mtu aulizaye jambo la kawaida, "Mwalimu, hivi siku ile mliandika shilingi ngapi?"

Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akasema kwamba mama yake siku zote alimwambia ni elfu themanini. Kisha akaniuliza kama nitakunywa kahawa, akaingia ndani kuileta kabla sijamjibu.